Toba ya Mdomo Wake

Jumanne, 9 Aprili

Muuguzi wa zahanati kanipa daftari hili niandike mambo matatu kila siku: mgonjwa amekula nini, presha yake ngapi, amesema nini. La kwanza: uji, vijiko tisa. La pili: 170 kwa 100. La tatu: haya.

"Haya" ndilo neno pekee alilobaki nalo mdogo wangu tangu kiharusi kimwangushe wiki mbili zilizopita. Ukimuuliza kama ana njaa, haya. Ukimuuliza kama anaumwa, haya. Jana alimwaga uji kwenye shuka zangu nyeupe, akanitazama kwa aibu, akasema haya. Mkono wa kulia umelala na mguu wa kulia anauburuza. Akili ipo, kasema muuguzi. Maneno ndiyo yamefungiwa ndani.

Mimi si mtu wa kuandika ya moyoni. Ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na miwili nafundisha darasa la ubatizo kanisani kwetu. Ninachoandika ni vipimo vya magauni na majina ya wasiojua majibu. Lakini kurasa ni nyingi, mambo matatu ni machache.

Jumatano, 10 Aprili

Uji, vijiko saba. 165. Haya. Mvua imeanza.

Jumapili, 14 Aprili

Kanisani kwetu waliotengwa hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Hawaimbi kwaya, hawaijongelei Meza ya Bwana, na wakifa kanisa haliwaziki. Mdogo wangu kakaa benchi lile miaka minne bila kukosa Jumapili hata moja, kwa kosa la kuishi na fundi uashi ambaye mkewe wa ndoa alimkimbia zamani. Aliyelipeleka jina lake mbele ya baraza la wazee ni mimi. Nilisema sheria haina udugu. Watu walinisifu, na sitadanganya, sifa zile nilizipenda.

Mwaka jana yule mke alifariki huko alikokuwa, njia ikafunguka. Mdogo wangu angerudi kundini Jumapili ya Meza, tarehe mbili Juni, kisha wafunge ndoa yao kimyakimya. Alishashona gauni, nilimkatia kitambaa mwenyewe. Ndipo kiharusi kikaja, nikamhamishia kwangu.

Anachotakiwa ni kusimama mbele ya watu na kusema sentensi moja: "Nimekosa mbele za Mungu na mbele ya kanisa lake, naomba nipokewe." Na kifungu cha saba cha utaratibu wetu kinasema toba ni ya mdomo wa mkosaji mwenyewe, si ya ndugu wala ya karatasi. Kifungu hicho nilikitunga mimi, mwaka ule mwanamke mmoja aliposemewa toba na kaka yake huku yeye kanuna.

Leo baada ya ibada Mwenyekiti wa wazee alinisimamisha. Ni mwalimu mkuu mstaafu, anavaa tai hata akitumwa chumvi.

"Mama Mwalimu, mgonjwa wetu atakuwa tayari?"

"Atasema," nikamjibu. "Nimefundisha vichwa vigumu kuliko hicho."

Jumanne, 16 Aprili

Tumeanza mazoezi. Namkalisha kitini, namshika kidevu, nasema "ni", naye aseme "ni". Anatoa jasho, mishipa ya shingo inasimama, kisha inatoka "haya". Mara thelathini leo.

Mjukuu wangu naye hakai kimya. Ana miaka saba. Mama yake, binti yangu, kaniachia akaenda kutafuta kazi mbali. Darasani wamembandika jina la Kwanini, na limemganda. Mwezi uliopita aliuliza wale nguruwe wa kwenye Injili waliozama ziwani walikuwa wamekosa nini. Nilimsimamisha dakika kumi kwa mguu mmoja. Alipoketi akauliza kama nguruwe nao walikuwa na Jumapili.

Leo kauliza, "Bibi, kwanini unamshika Bibi Mdogo kidevu kama mbuzi anayenyweshwa dawa?"

Nimemtuma maji.

Ijumaa, 19 Aprili

Fundi uashi huja kila jioni akitoka kazini, saruji bado kwenye kucha. Simruhusu kuvuka kibaraza, maana ndoa haijafungwa. Anakaa kwenye kigoda, anamwona mdogo wangu kupitia mlango, anaacha sabuni au mkaa, anaondoka.

"Asante, shemeji," ananiambia.

"Bado hujawa shemeji yangu," ninamjibu.

"Haya," anasema mdogo wangu huko ndani. Sijui alikuwa anamwambia nani.

Jumatano, 24 Aprili

Uji, kikombe kizima. 160.

Nilikuwa kwenye cherehani, mvua inapiga bati. Nikasikia Kwanini anaimba ule wimbo wa watoto wa Jumapili, ule wa kuulizana na kujibizana. "Mikono hii ya nani?" Na sauti nyingine ikajibu, nzito, imekwama kidogo, lakini maneno yamenyooka: "Ya Baba."

Niliacha mguu juu ya kanyagio.

"Miguu hii ya nani?"

"Ya Baba."

"Na mimi mzima wa nani?"

"Wa Baba, wa Baba."

Nilikwenda mbio. Mdogo wangu alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, mate yanamtoka, mkono mzima umeshikwa na mtoto. Nikamwambia, "Sema nimekosa." Akanitazama. Akajaribu. "Haya."

"Haongei, Bibi, anaimba tu," Kwanini akasema, kana kwamba mimi ndiye mgeni humu ndani.

Nimefikiri sana. Nimewakataza kuimba. Nguvu zake ni chache, na akizoea mchezo hatajifunza sentensi. Kila kitu kina wakati wake.

Alhamisi, 25 Aprili

Vijiko vinne. 165. Haya. Amenigeuzia mgongo mchana kutwa.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Vijiko vitano. 170. Kwanini amekatazwa kuimba, kwa hiyo anakaa karibu na kitanda akichezesha midomo bila sauti. Nimemwona, nikajifanya sijamwona.

Jumamosi, 4 Mei

Muuguzi kaja kupima. Nimemwambia habari za wimbo nikidhani atashangaa. Hakushangaa.

"Hutokea," alisema. "Maneno ya kusema na maneno ya kuimba hayakai chumba kimoja kichwani. Huyu huenda asiseme tena, Mama. Lakini kuimba, mwache aimbe."

"Nimemkataza."

Alikunja kile kipimo chake bila kunitazama. "Kwa nini?"

Nami nilikuwa na jibu, jibu refu na zuri. Lilipofika mdomoni nikaona haya kulitoa.

Jioni wameimba mpaka jirani akagonga ukuta. Fundi uashi kwenye kibaraza aliinama akajifanya anafunga kamba za kiatu. Hakuwa na viatu vya kamba.

Jumamosi, 11 Mei

Leo naandika mengi, maana nisipoandika nitapasuka.

Baraza lilikaa saa tisa alasiri: wazee sita na Mchungaji, kijana aliyehamishiwa kwetu mwaka jana. Nilisimama. Mvua ilikuwa kubwa juu ya bati, ikabidi tusubiri ipungue, na kusubiri kule kulinimaliza ujasiri. Nikasema mdogo wangu hawezi kusema, lakini anaweza kuimba. Nikaomba siku ya Meza mjukuu wangu asimame naye, mtoto aulize, yeye ajibu, na jibu lile lihesabiwe.

Mwenyekiti hakuwa mkali. Ningeshukuru angekuwa mkali.

"Wimbo huo unasema amekosa?"

"Unasema yeye mzima ni wa Baba."

"Hata watoto wa chekechea wanaimba hivyo. Toba iko wapi hapo?"

Nilikunja ncha ya mtandio.

"Na anayemuuliza ni mtoto ambaye hajabatizwa. Mama Mwalimu, wewe mwenyewe ungekubali?"

Akafungua faili akasoma kifungu cha saba. Karatasi ni ileile niliyoiandika, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku zile, kila herufi imesimama wima. Akasema, "Ulituambia Mungu hahitaji mkalimani. Niliandika maneno hayo pembeni, maana yalinigusa."

Fundi wa redio, ambaye ni mzee mdogo kuliko wote, alisema taratibu, "Lakini mgonjwa ni mgonjwa, jamani."

"Leo mgonjwa, kesho bubu, keshokutwa mwenye aibu zake tu," alisema Mwenyekiti. "Mpaka tutauweka wapi?"

Na hayo pia yalikuwa maneno yangu. Niliyajua kabla hajayamaliza, ningeweza kumsaidia. Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali, vilevile walivyokuwa wakinikubalia mimi.

"Mchungaji, na wewe?" nikauliza.

Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Baraza likishaamua, Mama..."

Nilisema asanteni, nikatoka kwa heshima, nikaingia choo cha nyuma ya kanisa nikalia ndani ya mtandio mpaka ukalowa. Nililia kwa hasira kwanza, kisha kwa hofu. Presha ya mdogo wangu inapanda, na Meza inayofuata baada ya Juni ni Septemba. Sidhani kama Septemba ataiona. Akifa sasa atazikwa kama mtu asiye na Mungu, na mlango niliufunga kwa mkono wangu, nikaupiga kitasa, nikaupaka rangi.

Jumapili, 12 Mei

Nimekaa kiti changu cha mbele. Sikusikia mahubiri.

Jumanne, 14 Mei

Nimepata njia. Sentensi ile itiwe ndani ya wimbo ule. Kama anaimba "ya Baba", kwa nini asiimbe "nimekosa" kwa sauti ileile? Kifungu kinasema mdomo wake mwenyewe, hakisemi asiimbe. Nimekipekua mara tatu, hakisemi.

Nimemwita Kwanini atufundishe. Akajaribu, akakunja uso. "Hayaingii, Bibi. Ni marefu, yanamwagika nje."

"Yasukume."

Jumatatu, 20 Mei

Limetoka. Saa nne asubuhi, kwa sauti ya wimbo, vipande vinne: ni, me, ko, sa. Nilipiga magoti pale pale kwenye vipande vya vitambaa. Mdogo wangu alilia, nikajua ni furaha. Sikumuuliza.

Nilitoka mbio jioni kumwambia fundi uashi. Aliegemea nguzo ya kibaraza. "Alitaka kusema hivyo?" akauliza.

Swali gani hilo. Nikarudi ndani.

Jumatano, 22 Mei

Mara tatu kwa siku sasa. Neno la kwanza linakuja mara moja katika kumi. "Mbele za Mungu" bado. 175.

Ijumaa, 24 Mei

Vijiko vitatu. 180. Ameusukuma mkono wangu. Haya, haya, haya.

Jumapili, 26 Mei

Imebaki wiki moja. 180. Mwenyekiti kaniuliza, nikamwambia tunakwenda vizuri. Alifurahi kweli, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hata yeye anataka. Sote tunataka, na hakuna hata mmoja anayefungua mlango.

Jumatatu, 27 Mei

Muuguzi: "Mpumzishe. Mia na themanini na tano hii."

"Atapumzika baada ya Jumapili."

"Presha haina Jumapili, Mama."

Nimemwambia ya zahanati aiachie zahanati, ya kanisa aniachie mimi. Akaondoka bila kuaga.

Jumanne, 28 Mei

Mchana Kwanini alisimama kati yangu na kiti cha mgonjwa. Kashika kiuno kama mtu mzima.

"Amechoka. Unamwonea."

"Toka hapo."

"Kwani asiyeelewa ni Mungu au ni wale wazee?"

Nilimpiga kofi. Naandika hapa ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba sikumpiga. Hakulia. Alikwenda kukaa na fundi uashi kwenye kibaraza, na chakula kakila kule nje.

Alhamisi, 30 Mei

Saa tatu asubuhi nilimkalisha kitini. Alikuwa mzito kuliko jana. Akageuza uso ukutani, akasema haya, kwa sauti ya chini ya kuomba, sauti ambayo tulipokuwa wadogo aliitumia nilipomshika nywele kumsuka. Nikaijua sauti ile. Nikamwambia, "Mara moja tu, mdogo wangu, kisha nakulaza."

Akavuta pumzi. Akaanza: "Ni." Akafumba jicho. "Me." Mkono wake mzima ukanishika kifundo cha mkono, ukanibana mpaka ikauma, nikadhani ni juhudi. Nikamwambia, "Endelea."

Niliyasema maneno hayo. Nikamwambia endelea.

Akaanguka mbele, juu ya mapaja yangu, na pini zangu zote zikamwagika sakafuni.

Muuguzi alikuja mbio, mvua ikimnyeshea. Kasema ni kiharusi cha pili, kikubwa. Hospitali ni mbali, na barabara imekatika kwa maji. Asipewe kitu chochote mdomoni, maana hawezi kumeza. Alowanishwe midomo tu kwa pamba. Hakunilaumu. Alinitazama tu, akaandika namba kwenye karatasi yake. Hakuniambia ni ngapi, na sikuuliza.

Mungu wangu, nimemuua ndugu yangu kwa sentensi.

Ijumaa, 31 Mei

Hali chakula, hasemi. Hata haya haipo tena.

Jioni fundi uashi alisimama kwenye kibaraza kama kawaida, akisubiri nimwambie hali. Nikamwambia, "Ingia, shemeji." Alivua viatu. Alinawa mikono kwenye ndoo, akaisugua mpaka nikamwambia inatosha. Kisha akaketi kitandani akamshika mguu, ule uliokufa.

"Miaka minne," aliniambia baadaye, "Jumapili akirudi kutoka kwenu alikuwa ananihadithia mahubiri yote. Hata ya kumsema yeye."

"Akisema nini kuhusu mimi?"

"Kwamba wewe ndiye uliyemfundisha kusali. Alipokuwa na miaka mitano."

Sikuweza kukaa chumba kile.

Jumamosi, 1 Juni

Alasiri Mchungaji kabisha hodi, kalowa mpaka magotini, kashika kile kikasha kidogo cha Meza ya wagonjwa, chenye mkate na kikombe cha divai.

"Nimekuja bila kuliambia baraza," alisema. "Tangu tarehe kumi na moja silali, Mama. Leo nimesema liwalo na liwe."

Nikamwambia hawezi kumeza. Nikamwambia tangu Alhamisi.

Akasimama katikati ya chumba na mkate mkononi. Kijana wa watu, alikuwa amejikaza wiki tatu akapata ushujaa, na ushujaa wenyewe umefika mlango umefungwa. Hakuna aliyejua la kufanya. Shemeji aliangalia ukuta.

Kwanini ndiye aliyechukua ile pamba ya kumlowanishia midomo. "Ichovye kwenye kikombe," akamwambia Mchungaji.

Mchungaji hakumtazama mtoto, alinitazama mimi. Anajua. Kila mtu anajua kwamba nilishawahi kumfukuza mtoto mmoja darasani kwa kugusa kikombe cha Meza wakati akifagia. Nikasema, "Mwachie." Mtoto akachovya, akampaka Bibi yake Mdogo midomoni, taratibu, juu na chini, akapangusa iliyotiririka kwa kiganja chake.

Ningependa kuandika kwamba uso wake ulibadilika. Haukubadilika. Sijui kama alijua.

Jumapili, 2 Juni

Amefariki leo asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza. Mvua ilikuwa imekatika. Shemeji alikuwepo, mimi nilikuwepo, mtoto alikuwa amelala miguuni pake.

Mwenyekiti alikuja moja kwa moja kutoka kwenye ibada. Alivua kofia, akatupa pole, akaketi. Kisha akatoa daftari la baraza mfukoni na kalamu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Mwalimu, jina lake bado liko upande wa waliotengwa. Nataka kumzika. Wote tunataka. Nisaidie. Je, alitamka? Hata neno moja. Neno moja nitalichukua, nitasimama nalo mbele ya baraza."

Shemeji aliinua kichwa. Aliniangalia kama mtu anayeomba maji.

Na neno nilikuwa nalo. Tarehe ishirini Mei, saa nne asubuhi, kwa mdomo wake mwenyewe. Nilijua nilivyolipata. Nilijua lilivyotolewa, na yule aliyelitoa anafunikwa shuka chumba cha pili. Nilitaka kulimeza. Lakini nikimeza, atazikwa kando ya barabara na watu wanne, na shemeji huyu kashaaibishwa miaka ya kutosha kwa sababu yangu.

"Alisema nimekosa," nikamwambia.

"Ulisikia mwenyewe?"

"Nilisikia."

Akafumba macho. "Bwana asifiwe," akasema, na alimaanisha, akaandika tarehe na saa, akanipa kalamu nitie sahihi kama shahidi. Nikatia. Kesho saa nne kengele itapigwa, kwaya itaimba, Mchungaji atavaa joho. Kifungu cha saba kimetimizwa, neno kwa neno.

Alipoondoka, Kwanini alikuja. Tangu lile kofi alikuwa hanisogelei. Alisimama mbele ya cherehani, kidole kwenye gurudumu.

"Bibi, sasa wamempokea?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya lile neno?"

"Ndiyo."

"Lile alilosema huku analia?"

Aliligeuza gurudumu kidogo mbele, kidogo nyuma.

"Mimi ningempokea tu," akasema.

Nilitaka kumwambia, hata mimi, mjukuu wangu. Lakini mimi nilikuwepo miaka yote minne, na sikumpokea.